Ukarabati Unarudi Mwaka Gani?

Ukitaka kukarabati kitu cha zamani, swali la kwanza si pesa wala spea. Swali la kwanza ni hili: unataka kirudi mwaka gani? Wengi hawaliulizi kwa sababu wanaona jibu liko wazi. Si kirudi tu kama kilivyokuwa? Lakini kitu kilichoishi miaka hamsini kimekuwa vitu vingi. Ukisema "kama kilivyokuwa" umechagua kimoja kati ya hivyo, na vingine vyote umevitupa nje ya lango.

Mimi nimelazimika kulijibu nikiwa chini ya Land Rover, mgongo kwenye gunia, hapa Chepsaita. Chepsaita iko upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Siku hizi wengi wanaijua kwa mbio za nyika, zile za Great Chepsaita. Wasioijua wanasema tu "Eldoret", na sisi tunawaachia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa neno. Babu alipofariki, gari lilibaki uani chini ya mti wa mwati, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani mchana, likawa langu. Hakuna aliyepiga kura. Ni Series III ya 1974, ile ndefu ya kubeba mizigo, na siku niliyopewa ufunguo sikujua difu iko wapi.

Sasa najua. Najua pia kwamba gari hili lina angalau miaka mitatu tofauti ndani yake, na kila mwaka una mtu anayeutetea.

Mwaka wa kwanza ni wa kiwandani. Mtetezi wake ni mnunuzi aliyekuja kutoka Nairobi, mtu mpole anayelijua gari hili kuliko mimi. Alitaja bei ambayo ingelipa karo ya dada yangu mpaka amalize sekondari. Sharti lake lilikuwa neno moja: orijino. Injini ya petroli irudi, rangi ya kijani ya mwanzo irudi, kila mkunjo kwenye bodi unyooshwe. Hakuwa anataka makuu. Hata kampuni yenyewe inafanya hivyo. Mnamo 29 Januari 2016 Land Rover ilifunga laini ya Defender kule Solihull, Uingereza, na mwaka uohuo ikaanza kuuza Series I za zamani ilizozikarabati yenyewe zikawa kama siku zilipotoka kiwandani. Kuna wanaolipa vizuri sana ili wapate 1948 isiyo na mkwaruzo.

Lakini hiyo 1948 ilikuwa na habari zake. Land Rover lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili mwaka huo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilipatikana kwa mgao, na aluminiamu ndiyo iliyokuwepo. Basi bodi ikawa ya aluminiamu, ikakalishwa juu ya chasisi ya chuma. Ilikuwa njia ya kupita kwenye shida, na wengi walidhani ni ya muda tu. Kwa hiyo hata huo "uorijino" tunaousujudia ulianza kama kiraka.

Gari hilo lilipofika kwetu likawa gari la wenye amri: la DC, la polisi, la meneja wa shamba. Katika miaka ya 1970 yaliunganishwa hapahapa Kenya, kwenye kiwanda cha Leyland kule Thika, lakini hilo halikubadilisha aliyekaa nyuma ya usukani. Wazee wa huku wanakumbuka jinsi mlio wake peke yake ulivyotosha kufanya mtungi wa busaa umwagwe kichakani. Babu yangu alianza kuliendesha hili letu likiwa si lake. Alikuwa dereva kwenye shamba kubwa la miwati. Alifungua mlango, akafunga mlango, akaliosha Jumamosi. Mwaka 1987 shamba lilipoliuza kama chuma chakavu ndipo akalinunua, mshahara ukikatwa kidogo kidogo.

Sasa mnunuzi anaposema nilirudishe mwaka 1974, mimi nasikia: lirudishe mwaka ambao babu yako alikuwa dereva wa mtu. Najua hakumaanisha hivyo, lakini hicho ndicho angepata. Lingekuwa gari zuri, la kijani, safi, na ndani yake hakungekuwa na hata alama moja ya mtu wa kwetu. Mwenyewe halisi angekuwa yule aliyelitupa.

Mwaka wa pili ni wa fundi. Kusema ukweli si mwaka mmoja, ni kama thelathini hivi. Fundi wetu yuko Turbo, kando ya barabara ya kwenda Webuye, na amelishika gari hili tangu nikiwa sijazaliwa. Ndani yake kuna injini ya dizeli ya Isuzu iliyotoka kwenye pikapu iliyogongwa. Springi za nyuma zilikatwa kutoka kwa lori. Mlango wa kushoto unashikwa na bawaba ya geti. Mpira wa kioo cha mbele ni tubu ya tairi, na taa za mbele zinawashwa na swichi ya ukutani, ile ya nyumba. Mnunuzi alipoiona hiyo swichi alifumba macho kidogo.

Fundi mwenyewe haoni aibu. "Kijana yangu," aliniambia, "hii gari ingefuata kitabu ingekuwa sufuria saa hii." Na ni kweli. Ukienda Maralal kule Samburu, mji unaosifika kwa Land Rover za zamani, utayakuta magari ya umri wa babu zetu bado yanapanda kwenda Baragoi na kushuka hadi Loiyangalani, na hayakufika leo kwa kubaki yalivyokuwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kuna swali maarufu ambalo walimu wa falsafa wanalipenda: jahazi likibadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka mbao zote ziwe mpya, je, ni jahazi lilelile? Wagiriki waliuliza kuhusu jahazi la Theseus. Sisi tuna jembe la nyanya, ambalo limebadilishwa mpini mara nne na bamba mara mbili na bado ni jembe la nyanya. Wajapani nao wana hekalu la Ise. Wanalijenga upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ilikuwa 2013, na kwao ni hekalu la kale. Nadhani jembe na hekalu vinajibu vizuri kuliko darasa. Kinachofanya kitu kiwe kilekile ni mikono iliyokabidhiana kazi ya kukitunza. Ukiikata hiyo mikono, hata ukibaki na kila msumari wa zamani, una maiti iliyohifadhiwa vizuri.

Wataalamu wa majengo ya kale walishafika hapo. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza kazi za ukarabati wa majengo ya kale duniani, unasema kazi halali ya kila kipindi katika jengo iheshimiwe, kwa kuwa lengo la ukarabati si kulifanya jengo lote lifanane na kipindi kimoja. Pia unasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Mimi si msanifu majengo, lakini sioni kwa nini kanisa la Italia lipewe heshima hiyo na bawaba ya geti ya Turbo inyimwe.

Hata hivyo, heshima si kuhifadhi kila kitu. Nilipofungua breki za nyuma nilikuta bomba la gurudumu moja limepindwa na kugongwa kwa nyundo ili lisivuje. Maana yake, kwa miaka yote hiyo gari lilikuwa linasimama kwa magurudumu matatu. Nilimpelekea fundi kile kipande nikidhani atakasirika. Alicheka. "Hiyo ilikuwa ya kufika nyumbani tu. Si nyinyi ndio mlikaa nayo miaka tisa?" Nikalinunua bomba jipya Kirinyaga Road, Nairobi, likaja na basi. Swichi ya ukutani imebaki, bomba limeondoka. Tofauti yao ni kwamba bomba lile lingeua mtu, na huyo mtu huenda asijue hata kwa nini. Kiraka cha dharura kina haki ya kuitwa ushujaa siku ile tu. Kikizoeleka, kinakuwa mtego. Nchi hii ina viraka vingi vya kufika nyumbani ambavyo tumekaa navyo zaidi ya miaka tisa.

Hapo ndipo nilipojifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho vinafanana: ugonjwa na kovu. Kutu ni ugonjwa. Chasisi ya Land Rover ni chuma kilichounganishwa kama sanduku refu, maji na matope yanaingia ndani, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Juu yake kuna bodi ya aluminiamu ambayo haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ndiyo maana unaweza kukuta gari linang'aa juu na chini limeoza. Unaligonga chasisi kwa nyundo ndogo: palipo pazima panalia, palipooza panameza sauti. Mwezi mzima nimekuwa nikikata palipooza na kuchomelea chuma kipya, na kazi hiyo hakuna atakayeiona. Ukipuliza rangi kabla ya hiyo kazi, umedanganya.

Na uongo wa aina hiyo una bei. Kule Zanzibar, Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883 enzi za Sultani Barghash iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walikufa. Sisemi ni nani alaumiwe, sina ujuzi huo. Nasema tu kwamba jengo la kale, kama gari la kale, halisimami kwa sura yake.

Kovu ni kitu kingine. Nyama imeshafunga, hakuna kinachooza, alama tu imebaki. Na hapa nafika kwenye mwaka wa tatu, ambao nyumbani kwetu hautajwi wakati wa chakula.

Kwenye ubavu wa nyuma, upande wa kulia, kuna shimo lililobonyea, upana wa sahani. Ni la jiwe. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipogeuka moto, huku kwetu kuliwaka sana; kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu ndani tarehe 1 Januari 2008. Nchi nzima, zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wiki hiyohiyo babu aliweka majirani saba kwenye Land Rover, watu wa kabila lililokuwa linawindwa, akawafunika na magunia ya mahindi, akawapeleka kituo cha polisi Turbo. Njiani wakakuta kizuizi. Walioshika mawe walikuwa vijana wa kwetu, na walimjua babu kwa jina. Hakusimama. Jiwe moja likapata ubavu.

Mnunuzi anataka huo ubavu unyooshwe, na fundi anaweza. Aluminiamu iliyogongwa inakuwa ngumu, ukiipiga nyundo hivyohivyo inapasuka, kwa hiyo unailainisha kwanza kwa moto. Tatizo ni kwamba aluminiamu haikuonyi kwa rangi kama chuma, inaweza kuyeyuka ghafla. Basi mafundi wanapaka sabuni ya kipande, wanapitisha moto polepole, na sabuni ikigeuka nyeusi wanajua imetosha. Inapoa, wanaigonga taratibu kutoka nyuma. Kazi ya asubuhi moja. Kwa hiyo swali si kama inawezekana. Inawezekana kwa sabuni ya shilingi chache.

Baba mdogo yuko upande wa mnunuzi, na hoja yake si nyepesi. Anasema wale vijana wa 2008 sasa ni baba za watu. Watoto wao wanasoma na watoto wetu. Wanatununulia maziwa, tunazikana. Hili gari likipita na lile shimo kila siku, ni kama kidole kinachowanyooshea. "Yaliyopita si ndwele," akasema, "tugange yajayo. Nyoosha hiyo kitu, tuendelee na maisha."

Methali hiyo tumeimbiwa sana. Baada ya 2008 nchi iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ripoti yake ikakabidhiwa kwa rais Mei 2013, mwaka uleule tulioambiwa tukubali matokeo tusonge mbele, na mapendekezo yake mengi yamebaki kwenye karatasi. Lakini hebu isome methali yenyewe vizuri. Haisemi yaliyopita hayana maana. Inasema si ndwele, yaani si maradhi, na kwamba nguvu ya kuganga ipelekwe kwenye maradhi. Basi inatupa kazi ya kupima: yapi yaliyopita yameshakuwa kovu, na yapi bado ni maradhi yanayokula ndani? Ukisema si ndwele kabla ya kugonga na nyundo kusikiliza, bado hujapima kitu. Umepuliza rangi tu.

Kuna hoja nyingine dhidi yangu ambayo baba mdogo hakuitaja, nami imeninyima usingizi zaidi. Huenda nataka shimo libaki kwa sababu linatupamba. Familia yetu ndiyo ilibeba, wengine ndio walirusha. Kila mgeni akiuliza, napata nafasi ya kusimulia wema ambao mimi sikuutenda. Nilikuwa mtoto, nilikuwa chini ya kitanda. Kumbukumbu ya namna hiyo ni medali, na medali inadai watu wengine wabaki wabaya ili yenyewe ing'ae.

Nilienda kumuuliza mmoja wa wale saba. Alirudi mwaka 2010, shamba lake linapakana na letu. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha. Nikamwambia, "Mama, wanataka tulinyooshe lile shimo. Wewe unaonaje?" Akanyamaza, halafu akasema, "Mimi sihitaji hilo shimo ili nikumbuke. Nakumbuka hata nikilala. Lakini mkisema mnaliondoa ili mimi nipone, hapo mtakuwa mmenisingizia. Liondoeni kwa sababu zenu, au liacheni kwa sababu zenu."

Nadhani hilo ndilo jibu la karibu zaidi nililopata kwa swali la mwaka gani. Anayekarabati hana haki ya kuamua kwa niaba ya aliyeumia kwamba ameshapona. Wala hana haki ya kugeuza kidonda cha mtu kuwa pambo lake. Anachoweza ni kufanya kazi inayomhusu: kukata kinachooza, kuondoa kinachoweza kuua, kuheshimu mikono iliyotangulia, na mengine kuyaacha yaseme yenyewe kwa sauti yaliyo nayo, bila kipaza sauti.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Chasisi inapata chuma kipya. Breki zinakuwa mpya zote nne. Injini ya Isuzu inabaki, bawaba ya geti inabaki, swichi inabaki. Lile shimo nimelisafisha, maana pembeni, aluminiamu inapokutana na bolti za chuma, ilishaanza kutoa unga mweupe, na huo ni ugonjwa. Nikishamaliza, litapakwa rangi ileile ya gari zima. Halitazungushiwa mstari, halitaandikwa tarehe. Asiyelijua ataona gari la zamani lililogongwa mahali. Atakayeuliza ataambiwa, na ataambiwa yote, pamoja na kwamba aliyerusha jiwe ni mtu anayetuuzia mbegu leo na alikuja kwenye mazishi ya babu, akachimba kaburi mpaka mwisho.

Mnunuzi nilimweleza kwa simu. Alisikiliza kwa heshima, akasema atafikiria. Hajapiga tena. Karo ya dada yangu sasa inategemea kubeba mahindi ya watu msimu wa mavuno, na hiyo si hesabu ndogo. Sitaki kujifanya kwamba kanuni hailipiwi. Hii inalipiwa kwa gunia.

Nawe msomaji huenda huna Land Rover. Una kitu lakini. Una nyumba ya ushago mnayotaka kuibomoa mjenge ya kisasa, au urafiki uliovunjika unaotaka "urudi kama zamani", au nchi. Kabla hujashika spana, uliza mwaka. Halafu uliza mwaka huo ni nani alikuwa anaendesha, na ni nani alikuwa amefunikwa na magunia.